Mama Daktari

Pale kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, jina la Mama Daktari alijipa mwenyewe. Ilikuwa mwaka ambao binti yake, akiwa na miaka kumi na mbili, aliongoza darasa kwa mara ya kwanza. Aliingia kazini asubuhi akawatangazia wenzake kwamba kuanzia siku hiyo aitwe hivyo. Wakacheka, kisha wakazoea.

Yeye hakuwa anatania. Shule aliiacha darasa la tano ili alee wadogo zake. Mumewe alifariki binti akiwa wa miaka minne. Na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akifua mashuka yenye damu na matapishi ya watu asiowajua, hadi dawa ya kufulia ikamla ngozi ya vidole. Alichokuwa nacho duniani ni huyo mtoto mmoja na kichwa chake chepesi.

Barua ya chuo ilipokuja, ilikuwa kama alivyoomba: udaktari, na ada yote imelipiwa. Binti aliisoma mara moja, akaikunja, akasema haendi.

Mama alidhani ni woga wa siku mbili tatu. Alibembeleza, akafoka, akagoma kula. Mwishowe akamwita kaka yake aje kuzungumza na mpwa wake. Mjomba mtu alikaa tangu asubuhi hadi jua likapinda, akamaliza chupa nzima ya chai, kisha akamwambia dada yake kwamba mtu mzima hafungwi kamba kama mbuzi. Akachukua kofia yake akaenda zake.

"Nimechoka, Mama," binti alisema. "Nataka kufanya kazi."

"Kazi gani? Ya kufua mashuka kama mimi?"

"Kwani si ndiyo iliyonilea?"

Wiki ambayo chuo kilifunguliwa, wenzake Mama kazini walimuuliza kama mtoto ameshaondoka. Akasema ameondoka. Wakampigia makofi. Baada ya hapo ikabidi aendelee: leo bweni lina baridi, kesho mwalimu ni mkali, keshokutwa wameanza kupasua maiti. Jioni alirudi nyumbani akamkuta binti huyohuyo anaosha vyombo.

Binti alipata kibarua kwenye kampuni ya usafi. Hakujua atapelekwa wapi hadi asubuhi ya siku ya kwanza, na mama yake hakujua kabisa. Kwa hiyo msimamizi alipoingia na wafanyakazi wapya watatu, Mama Daktari aliinua macho kutoka kwenye toroli la mashuka akakutana uso kwa uso na mwanawe. Binti alikuwa anatabasamu.

"Huyu utamfundisha wewe," msimamizi alisema, huku akitazama karatasi. "Naona mnatoka mtaa mmoja. Mnafahamiana?"

Mashine zilikuwa zinanguruma. Wenzake wote walikuwa wamegeuka.

"Hapana," alisema. "Mtaa wetu mkubwa."

Tabasamu la binti lilibaki kidogo, kisha likaondoka. Akainamisha kichwa kama mtu anayemsalimu mgeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Jioni hiyo binti alifunga nguo zake kwenye begi akaenda kupanga chumba nyuma ya hospitali. Hakugombana na mtu. Kazini walifanya kazi bega kwa bega. Mama alimwonyesha namna ya kukung'uta shuka kabla ya kulitia mashinani na namna ya kutenganisha mashuka ya wodi ya wazazi na ya upasuaji. Binti aliitikia, "Sawa, mama," kwa sauti ileile aliyowaitikia wanawake wengine wote mle ndani.

Mwezi wa tatu tangu aanze kazi, Jumatano kabla ya saa sita, sindano iliyosahaulika ndani ya shuka ilipenya glavu ikamchoma binti kiganjani. Damu haikuwa nyingi. Msimamizi alikuja mbio na fomu, akaanza kuijaza amesimama: jina, umri, ndugu wa karibu wa kuarifiwa.

Mama alikuwa hatua moja kutoka pale, ameshika foronya. Alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akaanza kuikunja foronya.

"Sina," binti alisema. "Andika mwenye nyumba ninakopanga."

Wakampeleka kwa daktari. Alipewa vidonge vya kukinga UKIMWI vya siku ishirini na nane, akaambiwa atapimwa tena baada ya miezi mitatu.

Mashine iliposimama, mama alimfuata mwanamke wa pasi, aliyemzoea kuliko wote, akamwambia kwamba yule ni mwanawe.

"Tunajua," yule mwanamke alisema, pasi ikiendelea kwenda. "Tangu siku ya kwanza. Mnafanana kama ndala za pea moja. Tukasema tukuache, utasema mwenyewe ukiwa tayari."

Hakusema kwa kebehi. Angekuwa na kebehi, mama angepata la kujibu.

Alitoka kazini akaenda moja kwa moja kwenye kile chumba cha binti, akakuta mlango umefungwa. Siku zilizofuata alikwenda tena, na siku ya nne mlango ulikuwa wazi. Binti alikuwa amelala chini, beseni kando yake. Vidonge vilikuwa vinamsumbua. Mama alikaa kizingitini akaomba msamaha.

"Nilikuwa natapika kabla ya kila mtihani," binti alisema. "Ulikuwa unaninunulia dawa ya tumbo. Miaka yote hiyo hukuniuliza ninataka nini."

"Na sasa?"

"Sasa natapika vidonge tu. Nafuu."

Mama alichukua beseni akalimwaga, akaliosha. Binti akamwambia kesho asije. Alikuja, akaacha chakula mlangoni, na siku iliyofuata akakuta bakuli limeoshwa na kupinduliwa juu ya kigae cha mlangoni.

Majibu ya mwisho yalikuwa safi. Mama aliyapata kwa msimamizi, pamoja na kila mtu. Wenzake walishangilia, yeye alikwenda chooni akalia akiwa amejishikiza ukutani. Mchana alimuuliza binti kama atarudi nyumbani.

"Siyo sasa."

Hakumsukuma. Ila zilikuwapo siku alipofikiria kile kiti cha chuoni, na mtoto wa mtu mwingine aliyekikalia, na moyo ukamuuma kama jeraha linalotiwa ndimu. Hilo hakumwambia mtu.

Mwezi uliofuata binti aliomba kuhamishiwa zamu ya mchana. Sasa hukutana getini tu, mmoja anatoka, mwingine anaingia.

"Umekula?" mama huuliza.

"Nimekula."

"Haya."

Kisha binti huingia ndani, na mama husimama kidogo kabla ya kuondoka.