Mstari Uliofuata Gari la Wagonjwa

Gari la wagonjwa la kanda ya juu lilisimama kwenye mstari mweupe, matairi ya mbele yakiukaribia bila kuugusa. Dereva alizima injini, akashuka na muuguzi, wakaitoa machela na kuilaza juu ya lami. Ndivyo kazi ilivyokuwa. Zamani kanda mbili ziligombana juu ya nani anammalizia mwenzake matairi, zikapatanishwa kwa ndoo ya rangi: gari la juu lisivuke kwenda chini, la chini lisivuke kwenda juu, na mgonjwa akabidhiwe hapo mstarini. Chumba cha upasuaji kilikuwa kimoja tu, kanda ya chini, kwa hiyo walioanikwa barabarani siku zote walikuwa watu wa juu.

Aliyeanikwa mchana huo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni na damu ilikuwa inatoka. Mama mkwe wake alimfunika uso kwa mtandio asiunguzwe na jua.

"Gari la wenzenu liko wapi?" aliuliza.

"Linakuja, mama," alisema Dereva. Alikuwa ameshalisema neno hilo mpaka amelikinai.

Muuguzi alipiga simu. Dereva wa chini alikuwa kwa fundi anazibiwa tairi, akaomba wavute subira. Muuguzi alimpima mwalimu mapigo ya moyo, akampima tena, kisha akatikisa kichwa.

Dereva alijua vizuri kwamba kuvuka ni kumwaga unga, na nyumbani alikuwa na mke mgonjwa wa miguu na mabinti wanaosoma. Alisimama pale akiwa amekasirika, na hakuwa na wa kumkasirikia isipokuwa rangi.

"Tumrudishe ndani," alisema.

"Umefikiria vizuri?"

"Nimefikiria miaka yote niliyofanya kazi hii. Nimechoka kufikiria."

Gari likavuka. Mstari nao ukabanduka kwenye lami, ukawafuata. Muuguzi aliuona kwenye kioo cha pembeni ukija kwa mwendo wa wastani, ukiwapisha watu wa baiskeli.

"Unatufuata," alisema.

"Uache ufuate. Mradi usitupite."

Ukawapita. Walipofika hospitali walikuta umeshajilaza langoni, kutoka nguzo hadi nguzo, na mlinzi amesimama nyuma yake.

"Mko upande wa juu," alisema mlinzi. "Subirini gari letu lije limchukue."

"Limchukue kutoka hapa mpaka hapo?"

"Ndio utaratibu, mzee wangu."

Dereva akavuka tena. Mstari ukatangulia mlangoni, wakauvuka. Ukatangulia kwenye korido, wakauvuka na machela mikononi. Mfagizi aliyekuwa akipiga deki aliinua brashi ili upite, kisha akaendelea na kazi yake. Mwishowe ulipanda kwenye kitanda cha upasuaji, na mwalimu alipolazwa ukajinyoosha juu yake, kidogo chini ya matiti.

Daktari alikuwa tayari, glavu mkononi, amesimama kichwani pa mgonjwa. Aliinama kuutazama mstari kwa makini.

"Kichwa na kifua viko kwangu," alisema. "Tumbo liko kanda ya juu. Kule siruhusiwi kufanya kazi."

"Si usogee hatua moja tu?" alisema muuguzi.

"Nikisogea nitakuwa nimevuka, dada yangu. Nielewe."

Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo palipochosha zaidi. Machozi yalikuwa yakimlengalenga. Alikuwa na huruma tele, ila huruma yenyewe ilikuwa imesimama naye upande ule ule, inasubiri ruhusa.

Mwalimu alifumbua macho. "Jamani, mtoto," alisema kwa sauti ya chini.

Dereva hakuwa tena na hamu ya kubishana. Alizunguka kitanda, akamkumbatia daktari kiunoni, akamnyanyua kama gunia la mkaa na kumtua upande wa pili.

"Hujavuka," alimwambia. "Nimekubeba mimi."

Daktari alifikiri kidogo, akaona hoja ina mashiko, akaomba kisu. Mstari ulitikisika, ukatulia. Mtoto alitoka akilia, na mama yake akapona.

Wiki iliyofuata Dereva aliitwa na Mratibu wa kanda ya juu. Makosa yalikuwa kuvuka bila idhini na kuhamisha alama ya mpaka.

"Mwalimu yuko hai," alisema Dereva. "Na mtoto yuko hai."

"Tunashukuru mno," alisema Mratibu, na kweli alishukuru, alimwagizia chai. "Lakini hebu nieleze. Kama kila dereva atavuka akiona mtu anakufa, si watavuka wote?"

"Naam. Watavuka wote."

"Basi tatizo umeliona mwenyewe."

Dereva alitazama chai yake bila kuinywa. Aliweka funguo za gari mezani, akatoka. Hospitalini, alisikia, mstari bado uko kitandani, na kila asubuhi mfagizi humbeba daktari mgongoni kumvusha.

Siku chache baadaye alikuwa akipita kwa miguu kwenye barabara ile. Alipofika pale ulipokuwa mstari, lami ilikuwa nyeusi tupu, hata alama haikubaki. Gari lake la zamani lilikuwa limesimama hapo hapo, na dereva mpya ameegemea boneti. Chini palikuwa na machela, na juu ya machela mzee mmoja anayehema kwa shida, ameshika kifua. Binti yake alimshikia mwavuli.

"Mnasubiri nini?" aliuliza Dereva.

"Gari la wenzetu," alisema dereva mpya.

"Mstari uko wapi?"

Dereva mpya alionyesha kwa kidole mbele ya kiatu chake. "Ulikuwa hapa."

Dereva aliutazama uso wa mzee, akatazama barabara inavyoteremka kwenda hospitali. Ilikuwa mbali, na jua lilikuwa kali.

"Funga mwavuli, binti," alisema. "Shika huko mbele."

Aliinama akashika nyuma, wakaanza kuteremka. Dereva mpya aliwasindikiza kwa macho mpaka walipofika kwenye kona. Kisha aliwasha gari, akaona tairi moja limezidi mbele, akalirudisha nyuma kidogo.