Hodi kwenye Ukuta wa Kusini

Saa moja kasoro, asubuhi ya Jumatatu, Mama Digrii alikuwa anapiga pasi blauzi nyeupe ya binti yake kwa pasi ya mkaa. Jina hilo alipewa na wauza mboga wa mtaani siku binti alipoingia chuo kikuu. Walikuwa wanamtania, lakini likamganda, hata baada ya mumewe kufariki na cherehani ya mama kushindwa kubeba ada peke yake. Leo ulikuwa mtihani wa mwisho kabisa, na binti alikuwa amenyimwa kibali cha kuufanya kwa sababu ya deni la ada.

"Mama, unapiga pasi ya nini? Mlangoni wanataka kibali."

"Mlangoni, sawa. Nani kakwambia tunapita mlangoni? Vaa."

Binti akavaa. Mama akasali sala fupi, maana muda haukuwepo, akautoa mwiko wa uashi wa marehemu mumewe chini ya kitanda, akautia kwenye mfuko wa vitambaa. Wakatoka kwa mwendo wa watu waliochelewa harusi.

Marehemu alikuwa mwashi. Katika ukumbi wa mitihani wa chuo kile, ukuta wa kusini ni kazi ya mikono yake, kuanzia msingi hadi lenta, na hapo hapo ndipo alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la mbao zilizooza, akafa. Mkandarasi alisema hamjui, huyo kibarua tu, hana karatasi. Fidia haikutoka. Ukumbi ulizinduliwa kwa wakati.

Alikuwa na mtindo wake wa kazi. Kila ukuta alioumaliza aliugonga mara tatu kwa mpini wa mwiko, akabandika sikio na kusema, "Hodi!" Wenzake walimcheka. Yeye alikuwa anasikiliza kama kuna uwazi ndani. "Ukuta mzima huitika," alisema, na hakuna aliyemuuliza huitikaje.

Dakika kumi kabla ya saa mbili walikuwa nyuma ya ukumbi, penye mabomba ya maji. Mama akagonga mara tatu.

"Hodi!" alisema binti.

"Nani?" uliuliza ukuta. Ilikuwa sauti ya marehemu, na kikohozi chake kile kile cha saruji.

"Mimi."

Mama akajipiga paja. Miaka yote nyumbani kosa lilikuwa hilo hilo.

"Mimi nani? Kila mtu ni mimi."

"Mimi mwanao, baba! Nina mtihani saa mbili!"

"Ehe! Sasa umesema. Karibu, mama," ulisema ukuta, kama alivyomwita binti tangu anatambaa. "Pita kwa ubavu, chokaa itakuchafulia blauzi."

Matofali yakasogea moja moja, bila kumwaga vumbi, yakaacha nafasi ya mtu mwembamba. Binti akapita. Yakarudi mahali pake. Ndani, msimamizi wa mtihani alimtazama, akautazama ukuta, akafungua kitabu cha kanuni. Kanuni zilisema asiye na kibali asipite mlangoni. Kuhusu ukuta hazikusema neno. Akamwonyesha dawati.

Nje, mama hakuweza kukaa. Moyo ulikuwa unakwenda kama cherehani.

"Kaanza?"

"Kaanza. Usipige kelele, anafikiri."

Mama akazunguka mabomba mara mbili, akarudi.

"Anaandika?"

"Anaandika kama anafukuzwa!"

Mama akacheka mpaka mlinzi akaja. "Unaongea na nani, mama?"

"Na mume wangu."

"Msalimie," alisema mlinzi, akaendelea na doria.

Matokeo yalibandikwa Ijumaa. Daraja la kwanza! Mama aliruka, kiatu kimoja kikaruka juu kuliko yeye. Wauza mboga waliacha meza zao. "Mama Digrii! Tulikuwa tunakutania, kumbe tunakutabiria!" Alimshukuru Mungu kwa sauti, mtaa mzima ukaitikia amina, na siku ile ile akavaa gauni lake la kutokea, akamshika binti mkono, wakaenda kuchukua cheti.

Karani wa ada alisema cheti kipo, kimeandikwa vizuri sana, kimo kwenye kabati la chuma nyuma yake, na kitatoka deni likiisha. Mama hakubishana. Akatoa mwiko, akagonga kuta zote nne za ofisi. "Hodi! Hodi!" Karani alimsubiri amalize.

"Hizi ni za mbao, mama. Hamna mtu humo."

Wakazunguka nyuma ya ukumbi. Chuo kilikuwa kimeshabandika tangazo kwenye ukuta wa kusini: HAPA SI MLANGO. Chini yake wanafunzi watano wa mwaka wa pili, wote hawana vibali, walikuwa wamepanga foleni.

"Usiseme 'mimi'," mmoja alimwonya mwenzake. "Hapendi."

Wakampisha mama.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mama Digrii!"

Ukuta ulicheka mpaka tangazo likadondoka.

"Cheti wamewapa?"

"Bado."

"Na fidia yangu?"

"Bado."

Ukuta ukakohoa. "Haya. Mpisheni huyo mwenye miwani, mtihani wake saa nane."

Mama akasogea, akamshikia yule msichana mkoba. Binti akauchukua mwiko, akapangusa mpini kwa kiganja, akagonga mara tatu.