Jiwe la Kapteni

Theonest, karani wa makumbusho zama za Mwingereza, alichoshwa na lile jiwe kuliko hata vibarua waliolibeba. Miezi mitatu aliandika barua na kungoja majibu ya wakubwa, hadi jiwe la sifa za kapteni wa Kijerumani likang'olewa Temeke na kuletwa jumba la makumbusho. Lilimsifu mtu aliyenyonga watu tisa wakati wa Majimaji. Sasa liliegemea ukuta, na kando yake kibao cha Theonest kikaeleza ukweli wote. Karani wa watu alijiona amefanya la maana, na kweli alifanya.

Ijumaa moja ya mwezi wa Shaabani akaingia mama mmoja mzee, Bi Jokha, ameshika chetezo cha udi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekwenda kumzuru mume wangu, jiwe silioni. Naambiwa umelichukua wewe."

Theonest akamsomea kibao. Sasa kila mtu ataujua uovu wa yule Mjerumani, akamwambia.

"Mie uovu wake naujua, mwanangu. Alilisimika jiwe lake juu ya kaburi la Zahor wangu na wenzake wanane. Kila Shaabani tunaligeuzia mgongo, tunasoma Fatiha. Alama nyingine hatuna."

Theonest akageukia meza yake. Akafungua daftari lake: urefu wa jiwe, upana, unene, hata nyufa. Vyote alivipima kwa mkono wake. Mahali liliposimama hakupaandika, maana nani angedhani mahali patapotea?

Wakaenda Temeke kwa miguu, jua la saa nane likiwachoma. Jiwe lilipoondoka, eneo lilipewa mkulima. Huyo naye, kwa bidii zake, alikuwa amefyeka kichaka chote, akapiga matuta ya mihogo mwanzo hadi mwisho. Theonest akahesabu hatua kutoka barabarani, akarudi, akahesabu tena. Angeweza kuonyesha tuta lolote, wamalize, akapumzike. Alilitamani sana jambo hilo.

"Ni hapa?" Bi Jokha akauliza. "Hata mie sipatambui tena."

"Sijui, mama. Nisamehe. Panaweza kuwa popote."

Bi Jokha hakumgombeza, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Aliinama taratibu, akavua makubadhi yake, akayashika mkononi.

"Basi vua na wewe, mwanangu," alisema. "Huenda tumeshamkanyaga."