Mafuta ya Midomo ya Mwanatumu

Midomo ya Mwanatumu ilikuwa na deko kuliko bi harusi wa fungate. Ukitaja pilipili tu, inavimba. Krimu ya dukani aliyoipaka mara moja ilimfanya akae siku tatu akiagiza chai kwa ishara.

Na sasa Jumamosi kuna harusi, naye ndiye kiongozi wa kasida za wanawake Msambweni nzima. Alhamisi ile midomo ilikuwa imepasuka kama udongo wa Samburu. Twaiba, aliyeimezea mate nafasi hiyo miaka kumi na mmoja, alikwisha kuja mara mbili kumpa pole, mara zote akijikohoza kusafisha koo.

Mwanatumu akapika mafuta yake mwenyewe: nta ya nyuki na mafuta ya nazi, basi, bila marashi wala karafuu. Hannah, binti wa bara anayekanda wageni hotelini Diani, alimwonya: "Mama, skin yako ni sensitive. Usianze na lips. Jaribu kidogo ndani ya kiwiko, halafu hapo pasiguswe na maji siku nzima."

Akapaka. Mumewe Nassir, mstaafu wa bandari na mufti wa nyumba yake, akakohoa mlangoni.

"Mama Swabir, nta hiyo. Maji hayapenyi. Udhu haushiki."

"Nikiosha?"

"Jaribio limekufa."

Akafuta, akapaka kifundo cha mkono.

"Panaoshwa."

Nyuma ya sikio.

"Panapanguswa."

Shingoni.

"Hapo wanazuoni wamehitilafiana."

"Baba Swabir, nipake ukuta?"

"Mimi sikuzuii. Nakukumbusha tu."

Mwanatumu akajikagua kama mpima viwanja, akapandisha mkono wa dera, akapaka juu ya kiwiko, karibu na bega, ambako maji ya udhu hayafiki. Nassir alifikiri mpaka kofia ikamteleza, kisha akatabasamu.

"Na josho la janaba, je? Hilo ni mwili mzima."

"Kweli, mume wangu. Basi halitakuwako. Mkeka wako nitautandika ukumbini."

Nassir alianza kutafuta ruhusa vitabuni, na hakuiona.

Ijumaa jioni mkono ulikuwa safi, hauna hata kipele. Mwanatumu akaswali, ndipo akaipaka midomo, ikalainika. Jumamosi alianzisha kasida, na ubeti wa kwanza aliuvuta, akauvuta, mpaka Twaiba, aliyepewa kuongoza kiitikio, akaanza kutazama saa.