Gorogoro ya Mbegu

...amesema ni mbegu, amesema hivyo kabisa, Mwalimu, ile ya nyanya yangu ilikuwa mbegu, aliitia dawa, halafu mchungaji Naftaly akasema tuombee chakula na Kathure akainamisha kichwa kama watoto wengine, na mimi nimebaki hapa na upawa mkononi mbele ya sufuria mbili za githeri, watu karibu mia mbili wamepanga foleni na tikiti zao, wote wamefumba macho, yangu yamekataa kufumba, Mungu wangu, Karambu, umefanya nini... Baba tunakushukuru kwa siku hii, anasema mchungaji, na kwa mwalimu wetu uliyempa wazo hili zuri... asinitaje, tafadhali asinitaje, labda nimesikia vibaya, labda mtoto amechanganya mambo, lakini Kathure si mropokaji, yuko darasa la tano na ukimsikia akisema maneno kumi kwa wiki basi wiki hiyo ni ya sikukuu, na rangi yenyewe niliiona, niliiona kwa macho haya, Jumatatu alipoleta gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, imejaa mpaka juu, maharagwe mekundu ya aina ya nyayo, mekundu kupita kiasi, nikatia mkono na vidole vikatoka pinki, nikavipangusa kwenye sketi nikajiambia ni vumbi la Ruiri, kwani hapa kwetu ni kitu gani hakina vumbi, nikamwambia asante Kathure, nikamimina ndani ya gunia pamoja na ya wenzake, nilikuwa na haraka... uongo, sikuwa na haraka yoyote, nilikuwa na aibu, nilitaka gorogoro ile itoke mbele yangu upesi, kwa sababu Ijumaa iliyotangulia nilimsimamisha mbele ya darasa, ile chati yangu ya nyota ukutani, kila mtoto nyota moja kwa kila kikombe cha maharagwe, na kwake visanduku vitano vitupu, sikumchapa, sijawahi kumrudisha mtoto nyumbani, nilimuuliza tu kwa upole, Kathure, na kwenu vipi, na darasa zima likageuka kumtazama. Upole wangu ndio kiboko changu, na nilikuwa najisifia nao.

Na mimi ndiye niliyeapa, mimi, nilikuwa na umri kama wake chifu alipoingia kwetu na askari wake, harambee ya shule ya upili, kila boma lina kiwango chake, baba hakuwa nacho, wakamkamata kuku wetu mwekundu aliyekuwa amelalia mayai, wakaenda naye akipiga kelele chini ya kwapa la askari, mama akabaki kuyagusa yale mayai moja moja mpaka yakapoa, nikaapa nikiwa mkubwa sitamfanyia mtu hivyo, kwa hiyo upepo ulipoezua darasa la saba nikasimama kwenye mkutano wa wazazi nikasema safari hii hakuna kiwango, hakuna kusomewa majina kwa kipaza sauti, kila mtoto alete kikombe kimoja cha maharagwe kila Jumatatu, hata maskini hakosi kikombe, tutayaweka mpaka mvua ya Oktoba ikikaribia tuyauze kama mbegu, bei ikiwa juu, na wazazi wakapiga makofi, mama mmoja akasema huyu mwalimu ana utu... mbegu, mimi ndiye niliyetamka mbegu, kwa mdomo huu, basi nyanya yake Kathure akasikia mbegu akaleta mbegu, ile aliyojichagulia mwenyewe punje kwa punje, imeshatiwa dawa ya wadudu, tayari kwa shimo, akaipa shule shamba lake lote la Oktoba ili mjukuu wake apate nyota tano za karatasi... ubariki nyumba zilizotoa, anasema mchungaji, zisipungukiwe... halafu Jumatano Mzee Marete, mwenyekiti wa kamati ya shule, akauliza kwa nini tungojee mvua na watoto wanasomea juani, tupikeni githeri tuuze sahani, sahani inaleta mara tatu, na wote tukainua mikono, wa kwanza mimi, na hakuna hata mmoja aliyesema tuwapelekee wazazi habari kwamba mpango umebadilika, kwani ya nini, maharagwe si ni maharagwe.

Tulia, Karambu, fikiri, ni gorogoro moja tu katika magunia mawili, yamelowekwa usiku kucha, yameoshwa, yamechemka tangu alfajiri, dawa gani itastahimili hayo yote, labda imekwisha kabisa, labda iliyobaki haiwezi kuua hata inzi... lakini kuku wa jirani yetu Murithi, waliparua mstari mmoja tu wa mbegu nyuma ya jembe, hata saa sita haikufika, kumi na mmoja chini, miguu juu, na kopo la dawa hiyo lina picha ya fuvu, hata asiyejua kusoma anaisoma, na iko sufuria gani, hii au ile, au zote mbili, ninatazama ndani naona mahindi na maharagwe na mvuke, kila punje nyekundu inanitazama, na wa kwanza kwenye foleni ni Mzee Marete mwenyewe, nyuma yake mama mwenye mtoto mgongoni, huyo atatafuna kisha amtafunie mtoto... na nikisema, swali la kwanza litakuwa ya nani, ni nani alileta, nao wataondoka hapa kwa mguu mpaka kwa yule bibi, mwanamke mzee anayeishi peke yake na mjukuu, neno sumu likishamganda mtu hapa kwetu halioshwi, na mimi nitaitwa polisi, na kazi yangu, na darasa la saba litabaki hivyo hivyo bila paa... kuna njia nyingine, nijikwae, sufuria imwagike, kisha ile ya pili pia, kwa bahati mbaya tu, pole jamani, turudisheni pesa za tikiti, hakuna atakayejua, hakuna atakayeulizwa, mguu wangu wa kulia uko karibu kabisa na jiwe la meko, nguvu kidogo tu... na utukumbuke sisi wenye njaa ya mwili na ya roho, anasema mchungaji, maombi yake siku zote ni marefu na mimi siku zote hunung'unika, leo naomba asimalize.

Lakini Mama Kinoti. Mama Kinoti, mpishi wetu, amekaa kwenye gogo, amefumba macho, anajifuta jasho kwa ncha ya leso, ni moto, ni moshi wa tangu alfajiri, mtu yeyote angetoka jasho, na saa moja iliyopita aliniambia akicheka, “Mwalimu, chumvi iko sawa, nimeonja mpaka nimeshiba,” nikacheka naye, nikamwambia mpishi halali njaa... na nikiimwaga sufuria watapona wote, kila mtu, isipokuwa yeye aliyepika, atarudi nyumbani na asante zetu, atalala mapema kwa sababu tumbo linamsumbua, na mwanawe Kinoti atamchemshia tangawizi, hatajua ni nini, daktari hatajua ni nini, mimi peke yangu nitajua, mchuma janga hula na wa kwao, nilikuwa nawapa watoto waandike methali hiyo mara kumi daftarini... anajifuta tena, shingoni sasa, na hofu imehama ndani yangu, sijui imehama vipi, siogopi tena kuulizwa, naogopa dakika hii inayopita, na wakiuliza ya nani nitasema ni yangu, ndiyo, mimi niliomba mbegu, mimi nilimimina, mimi niliona vidole vyangu, hakuna mtoto atakayetajwa, wanichukue wanavyotaka... nafunika sufuria, kisha ile nyingine, bado wamefumba macho, bado mchungaji yuko kwa wajane na mayatima, naenda mpaka kwenye gogo, namshika Mama Kinoti mkono, umelowa, anafungua macho kunishangaa, na mimi katikati ya maombi ya watu, kwa sauti ambayo hata nyuma kabisa ya foleni imesikika, Mama Kinoti, niambie, ulikula bakuli ngapi?