Dawa ya Pinki Katika Trela ya Akina Lahtela

Haya aliniambia Kerttu Lahtela mwenyewe, wiki ya kwanza ya Novemba, tukiwa tumekaa kwenye benchi la juu la sauna yangu ya mvuke, miguu yetu ndani ya ndoo moja. Kerttu ni jirani yangu miaka arobaini na mbili, na mtu anayetokwa jasho namna ile hana nguvu ya kuongeza chumvi. Kwa hiyo naandika kama alivyosema, isipokuwa pale nilipocheka nikapitwa na maneno.

Yeye na mumewe Urho wana trela ndogo ya kulala. Ina kitanda kimoja, jiko la gesi la mafiga mawili, sinki, na choo na bafu vimebanwa chumba kimoja ambacho Urho huingia kinyumenyume. Kuanzia Mei hadi Oktoba trela inakaa ufukweni mwa ziwa, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka hapa Thunder Bay. Sasa, maji yakibaki kwenye mabomba wakati wa baridi yanaganda, yanavimba, yanapasua kila kitu. Lazima yatolewe yote, halafu ipitishwe ile dawa ya pinki isiyoganda mpaka itoke kwenye kila bomba. Watu hufanya hivyo Sikukuu ya Shukrani, katikati ya Oktoba, wanafunga mlango, wanaenda zao.

Kwa akina Lahtela kazi hiyo ni ya Urho. Kerttu anapika, anafua mashuka, anachuma matunda ya porini. Urho anafunga maji, peke yake, mlango umefungwa, na hataki kuulizwa. Ila mwaka jana wakati kama huo alikuwa hospitali anabadilishiwa nyonga, na trela ikasahaulika. Ilipofika Mei, mwana wao Raimo, anayekaa Winnipeg, alilala chali siku nne chini ya kile kitanda akiweka mabomba mapya. Alipomaliza alisema taratibu, na Raimo akisema taratibu ujue hatanii: "Mama, ikipasuka tena naivuta hadi kwa wanunua vyuma. Sitengenezi mara ya pili."

Kerttu aliniambia jambo moja. Tangu ile operesheni, mjini kila mtu anamshika Urho mkono, anamfungulia mlango, anamuuliza kama amechoka. Kule ziwani hakuna anayemuuliza. Trela ikiondoka, mzee atakaa dirishani akingoja vidonge. Ndicho alichokuwa anakiogopa, wala si mabomba.

Mwaka huu vuli ikawa na joto jema. Shukrani ikapita, majirani wakaondoka, wao wakabaki kwa sababu Urho alikuwa anapata samaki kila asubuhi. Raimo akasema atakuja Jumamosi kufunga maji. Jumatano, saa nane mchana, redio ikatangaza kwamba usiku huo joto litashuka hadi nyuzi tisa chini ya sifuri.

"Mpigie Raimo," Kerttu alisema.

"Yuko mbali saa nane za barabara. Akifika atakuta tuna barafu ya kuwekea samaki."

"Basi nitafunga mimi."

Urho alimtazama juu ya miwani. "Wewe."

"Mimi. Daktari amekukataza kuinama, hajanikataza mimi. Wewe kaa kwenye kiti uniambie la kufanya."

"Hata pampu hujui ilipo, mama."

"Najua inapolia."

Akamtolea kiti nje karibu na mlango, akamfunika blanketi magotini, akampa kahawa na kipande cha mkate wa iliki. Kisha akavaa suruali ya Urho ya kazi, akafunga kiuno kwa kamba.

Tatizo likawa kwamba Urho hakuwa na maneno. Miaka yote hiyo hakuwahi kumweleza mtu. Akifungua mdomo anasema, "Unaenda pale, halafu unafanya hivi," na mikono yake inazungusha hewa. Mikono ilikumbuka kila kitu. Kwa hiyo Kerttu akaacha kusikiliza akawa anatazama mikono. Ikizunguka kushoto naye anazungusha kushoto, ikivuta naye anavuta. Hivyo akafungua tangi la chini, maji yakaenda zake kwenye majani. Akafungua kizibo cha tangi la maji moto pale ubavuni kwa spana, na maji yakaruka hadi kwenye buti zake yakinuka kama mayai yaliyooza.

"Hapo ni tangi," Urho alisema. "Usinitazame mimi."

"Sijasema kitu."

"Pua yako imesema."

Akarudisha kizibo. Sasa ikabaki kuzuia dawa isiingie kwenye lile tangi, maana likinywa dawa hakuna kitakachobaki kwa mabomba. Kuna koki tatu nyuma ya ubao chini ya kitanda. Urho akainua vidole: viwili akavilaza, kimoja akakisimamisha. Kerttu akaingia na tochi, akajikunja, akaona koki mbili zimelala na moja imesimama.

"Ziko hivyo tayari," alipaza sauti.

"Raimo katuwahi," Urho alisema, akafurahi. "Kumbe kijana alikuwa ananitazama."

Walikuwa na madumu matatu ya dawa, lita nne kila moja. Kerttu akatumbukiza mpira wa pampu kwenye dumu la kwanza, akawasha, akafungua bomba la maji moto la sinki, kwa sababu Urho siku zote huanza na la moto. Bomba likapiga chafya. Likapumua hewa. Dumu likashuka hadi likakauka, bomba bado linapumua. Akatumbukiza la pili. Pampu ikalia, dumu likaisha, na kwenye sinki hakikutoka hata tone la pinki.

Alizima. Ilikuwa saa kumi na nusu. Duka linalouza dawa ile liko mwendo wa dakika arobaini na linafungwa saa kumi na moja. Gari anaendesha Kerttu, na gizani haendeshi, kwa sababu ya wale wanyama wakubwa wenye mapembe wanaosimama katikati ya barabara kama waliitiwa mkutano.

"Imekwenda wapi?" Urho aliuliza.

"Mimi ndiye nikuulize wewe."

Mikono ya Urho ikaanza tena kuzunguka hewani, mara mbili, mara tatu, halafu ikasimama. "Mama. Mabomba yenyewe, pale kwenye koki. Yamesimama au yamelala?"

Kerttu akaingia tena na tochi. "Yamelala."

Urho akavua kofia akaishika. Zamani mabomba yale yalikuwa yamesimama, na koki ikilala imekata njia. Raimo alipoweka mapya aliyalaza. Sasa koki ikilala imefungua njia. Dawa yote imeingia kwenye tangi la maji moto, na tangi lile linameza lita ishirini na zaidi kabla halijatapika.

"Makosa ni yangu," alisema. "Nimekutuma kwenye nyumba isiyokuwepo."

Kerttu anasema sauti ile hakuipenda. Ilikuwa sauti ya dirishani. Akamwambia, "Makosa ni ya anayekaa anakula mkate wangu halafu hasaidii. Shika beseni."

Akamwekea Urho beseni la kuogeshea wajukuu juu ya kigoda chini ya tangi, akalifungua upya kwa spana. Pinki ikashuka, lakini hafifu, maana tangi huwa linabakiza maji chini hata ukilifungua. Urho akaitazama, akaizungusha kwenye kikombe.

"Chai ya hospitali," alisema. "Hii haiwezi kwenda kwenye mabomba, itaganda. Tutaimwaga kwenye mashimo ya sinki na bafu, huko ikiganda kidogo ina nafasi ya kuvimba. Mabomba yatumie dumu lililobaki. Linatosha tukiwa bahili."

Ubahili wenyewe ulikuwa huu: kila bomba lifunguliwe, na mara tu pinki inapoonekana lifungwe. Mtu mmoja hawezi kuwa kwenye swichi, kwenye dumu na kwenye bomba kwa wakati mmoja. Kabla Kerttu hajasema lolote, Urho alishachukua fimbo zake mbili za kutembelea na kukanyaga ngazi.

"Daktari," Kerttu alisema.

"Daktari amekataza kuinama. Mimi napanda."

Akaingia kinyumenyume kama kawaida yake, akaketi juu ya kifuniko cha choo. Kerttu akageuza koki zote tatu, mbili zikasimama, moja ikalala, akaja kukaa sakafuni na dumu katikati ya magoti. Akawasha pampu.

"Sinki, moto," Urho aliamuru, na Kerttu akanyoosha mkono juu bila kuinuka. Safari hii bomba lilikohoa mara moja tu likatema pinki nzito kama sharubati. Wakalifunga. Sinki, baridi. Pinki. Bafu Urho akafanya mwenyewe.

"Inakuja? Mzee, inakuja?"

"Subiri. Bado maji. Maji. Pinki, zima. Zima, mama, imeniingia kwenye mkono wa shati."

Choo kikafuata, ikabidi asimame, Kerttu naye akainuka, na kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kusimama alimkumbatia mkewe ili asianguke. Wakakaa hivyo mpaka maji ya choo yakageuka rangi. Nilimuuliza Kerttu ilichukua muda gani. Alisema choo kile kilikuwa kizito kidogo, akajimwagia maji usoni.

Ile hafifu ya beseni wakaimwaga mashimoni. Kwenye dumu vikabaki vidole vitatu vya dawa. Kerttu akafuta mikono. "Tumemaliza."

Urho alitazama sakafu. "Kuna la nje," alisema baadaye.

La nje ni lile bomba dogo la ubavuni wanapooshea samaki na miguu ya wajukuu.

"Hujawahi kulitaja hilo."

"Kwa sababu kila mwaka nalisahau. Linapasuka. Masika nakuja siku moja kabla yako, naweka jipya."

"Kila mwaka?"

"Kuna miwili nilikumbuka."

Kerttu akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Bomba lile alishawasifia wanawake wote wa ufukwe ule, na hata mimi huku mjini, kwamba mumewe analitunza hadi halipati kutu. "Urho Lahtela," alisema, "nenda nje ukasimame kwenye bomba lako."

Jua lilikuwa linagusa miti. Urho akasimama ubavuni na fimbo moja, mkono mwingine kwenye bomba. Ndani Kerttu akainamisha dumu, ncha ya mpira ikazama kwenye kona, akawasha. Bomba la nje ndilo la mwisho na njia yake ni ndefu.

"Maji," Urho alisema kupitia ukuta. "Maji. Maji."

Mpira ukaanza kufyonza kwa kelele, kama mtoto anayemaliza soda. Kerttu akainua dumu juu kabisa ya kichwa.

"Maji, mama."

"Hakuna kitu tena huku."

"Maji." Pampu ikalia tupu. "Imetoka. Iko kwenye kiatu changu. Zima, imetoka."

Hakuzima mara moja. Alitoka nje kuangalia kiatu. Kilikuwa pinki kuanzia kwenye kamba hadi kwenye soli, na mzee alikuwa anakitazama kama mtu aliyevua samaki mkubwa.

Wakampigia Raimo. Aliuliza kila bomba kwa jina lake, Kerttu akajibu, na alipoulizwa nani alifanya akasema, "Baba yako. Mimi nilishika dumu." Urho akatingisha kichwa akikataa, lakini simu haioni. Raimo akasema basi Jumamosi atakuja kula samaki tu, na Mei atakuja kuwafungulia maji, na yeye aonyeshwe hizo koki, kwa sababu hata yeye ameshasahau alivyozilaza.

Kwa kuwa giza lilishaingia, wakalala kulekule. Walipika supu ya samaki kwa maji ya ndoo, wakasukutua kwa kikombe, wakawasha hita ya gesi. Saa mbili haijafika walikuwa kitandani na soksi zao. Urho alikuwa anaeleza duka gani mjini lina mabomba ya nje mazuri na lipi linauza takataka, akafika la tatu, sentensi ikamponyoka katikati, akaanza kukoroma. Kerttu akalala macho wazi kidogo, sikio kwenye ukuta. Nje kidimbwi cha maji yaliyotoka kwenye tangi kililia kilipoanza kushika barafu. Ndani ya ukuta hakukuwa na sauti. Akavuta blanketi kwenye bega la mzee, akageukia upande wake, akalala.