Mpaka Mkono Ulipofika

Sui-ling alikuwa akikwangua ukuta kwa kisu cha jikoni hata uji haujachemka. Unga mweupe ulidondoka kwenye gazeti, rangi ikibanduka nao kama ukoko wa wali. Hapa Keelung, mji wa mvua wa Taiwan, tunauita saratani ya ukuta: mvua inazama kwenye saruji kwa nje, chumvi na ukungu vinachanua ndani. Kitandani, kando ya ukuta huohuo, mama yake alikohoa mpaka akashika mbavu. Daktari hakumung'unya maneno: msimu mmoja zaidi kwenye unyevu ule, bibi huyu akirudi wodini hatoki.

Na kimbunga kilitangazwa kufika jioni. Lakini wiki nzima, maajabu ya mji huu, jua lilikuwa limewaka. Ukuta umekauka, na dawa ya kuzuia maji haipakwi ukuta ukiwa mbichi. Sui-ling alishuka mbio kwa Mzee Yu, mwenye nyumba, akamkuta mlangoni anapanga biskuti na tambi za pakiti mezani, sadaka ya mizimu, ambayo kwa kuiogopa watu huiita "ndugu wema".

"Mzee, ukuta mkavu. Mruhusu fundi aje leo."

"Mwezi wa mizimu huu, binti! Nani anaanza ujenzi mwezi huu? Ndugu wema wakimvuta fundi kwenye kamba, utamzika wewe?"

"Mwezi ukiisha na mvua imeshaanza. Kila mwaka wimbo ni huohuo. Usipoziba ufa, mzee, utajenga ukuta."

"Nitajenga wangu. Nje ni kwangu. Wewe umepanga ndani."

Loh! Kwa hiyo maji yakiwa nje ni ya kwake, yakishaingia ni ya mpangaji.

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi, Mama Pan alimwekea makopo mawili kaunta.

"Hili linang'aa. Wenye nyumba wanalipenda maana linaonekana. Lakini linaweka ngozi juu, na ukuta wako umekunywa maji miaka. Yatanaswa nyuma, ngozi ivimbe, ibanduke. Hili lingine jepesi kama maji. Linazama, ukuta unapumua. Ila halionekani, utadhani nimekutapeli."

"Halionekani kabisa?"

"Hata chembe."

"Nipe hilohilo."

Fundi wa kuning'inia kwa kamba hakuwepo. Sui-ling alijifunga kamba kiunoni, ncha akaifunga kwenye kitanda, mama akakikalia kuongeza uzito.

"Ukianguka usinivute," mama alisema. "Mie bado nautaka uji wangu."

Alitoka nusu mwili dirishani, ghorofa ya tatu, akapaka mpaka mkono ulipofika. Juu hakufika. Kona ya kushoto, kule kwenye ufa wenyewe, hakufika. Alijinyoosha mpaka bega likamuuma, akalia kwa hasira, akapaka tena palepale.

Jioni mvua ikapiga. Jengo zima likalowa, likawa jeusi juu mpaka chini. Likabaki doa moja kavu, jeupe, kuzunguka dirisha lake, na uchochoro mzima ukaliona. Mzee Yu, aliyetoka kuokoa meza yake ya sadaka, akaliona pia. Alipanda ngazi akitweta.

"Nani kagusa ukuta wangu?"

"Mimi, mzee. Mama anaumwa."

"Mwezi huu simhamishi mtu, ni mkosi. Ukiisha tu, mtafute kwingine."

"Mzee, nimeutibu ukuta wako!"

"Nilikutuma?"

Aliposhuka, maji yalikuwa yameshaanza kuchuruzika ndani, kona ya kushoto. Karibu na dirisha tu ndipo palikuwa pakavu. Sui-ling alisukuma kitanda mpaka hapo. Kitanda kilikuwa kirefu kuliko pale pakavu.

"Lala kichwa huku, mama."

"Na miguu?"

Sui-ling alikunja blanketi upande wa miguu lisilowe.

"Haya, miguu waachie ndugu wema," mama alisema, akaanza kukohoa.

Sui-ling akaenda kuleta beseni, akalitega miguuni pa mama.